Sauti ya Mlangoni

Huko Kalama mtu haingii boma la mwenzake kama mbuzi aliyeona mahindi. Anasimama penye uzio, anapiga hodi, anangoja. Asipojibiwa anapiga ya pili. Ya tatu nayo ikipotelea hewani, anageuza kiatu kurudi alikotoka, na harudi mikono mitupu: anarudi na habari.

Ndivyo ilivyojulikana ng'ambo zote mbili za kijito kwamba Kaloki, Baba Mumo, tangu afiwe na mkewe anafukuza wageni kwa kichwa.

Aliyeileta habari hiyo ni Ndinda, na Ndinda si mwongo. Alikuwa rafiki wa mke huyo, marehemu Kalunde, waliimba pamoja katika kwaya ya kigango, na siku hiyo alikuja kwa jambo la maana. Ilikuwa Julai, baridi ya kung'ata vidole. Akasimama langoni akamwona mwenye boma kwa macho yake mawili, ameketi barazani juu ya kigoda, kofia ya sufu ameivuta mpaka shingoni. Akapiga hodi. Kaloki akatikisa kichwa: hapana. Akapiga ya pili, akaitia nguvu. Hapana, hapana. Ya tatu aliipiga ameushika uzio, na Kaloki, macho kayafumba kama mtu asiyetaka hata kuona uchafu, akatikisa kichwa mpaka kofia ikasogea.

"Asi!" Ndinda aliwaambia wenzake kisimani. "Hata mbwa humfukuzi kwa kichwa. Mbwa unamwambia toka."

Kofia ile ingesogea kidole kimoja zaidi, angeona kilichokuwa chini yake: hedifoni kubwa nyeusi, nono kama maandazi mawili, zimeziba masikio ya Kaloki kama nta inavyoziba mzinga. Hakuwa anamkataa mtu. Alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anavyotikisa kibuyu, kujua kama ndani mna kitu.

Na alichokitafuta mle ndani ni kimoja tu. Alitaka kumsikia Kalunde akiimba.

Mtu atashangaa. Mume na mke, mtoto amekua mpaka ana kitambi chake mwenyewe, na mume hajawahi kumsikia mkewe akiimba? Lakini ndoa za mshahara wa mbali ndivyo zilivyo. Kaloki alifanya kazi katika kiwanda cha saruji kule Athi River, na nyumbani alikuja mwisho wa mwezi, Jumamosi jioni, akiwa na sukari, nyama na miguu iliyovimba. Jumapili asubuhi Kalunde anavaa sare ya kwaya anakwenda kuimba. Kaloki analala. Mchana anakula, anauliza habari za ng'ombe, anatazama nguzo ya uzio iliyooza, anaahidi kuitengeneza, anaondoka. Sauti ya mkewe aliyoijua vizuri ni ile ya simu. Unga umeisha. Mtoto anakohoa. Huku imenyesha, huko je?

Alipostaafu alisema sasa nitakaa na mke wangu. Wakakaa msimu mmoja wa mbaazi. Kisha Kalunde akaugua, akaenda. Mungu ana mizaha ambayo binadamu akiifanya hupigwa.

Kilichobaki ni sidii. Miaka ya nyuma kwaya ya kigango ilikwenda Machakos mjini ikarekodi nyimbo, na Kalunde alikuwemo, sauti ya pili. Kaloki alikuwa ameinunua nakala moja kwa heshima, akaiweka kabatini kwa heshima, na hapo ikakaa kwa heshima mpaka Kalunde alipozikwa. Sasa ndipo alipoikumbuka, wala hakuwa na chombo cha kuichezea. Mumo, yule mwanawe anayeishi Syokimau, alimtumia wimbo mmoja kwa simu, ule wa mto uliofurika, na mwisho wa mwezi akamletea hizo hedifoni nono zisizo na waya.

"Mzee, ukivaa hizi dunia yote inazima," Mumo alimwambia. "Hata bomu lilipuke hapo kwa ng'ombe, husikii kitu."

Kaloki alishukuru. Hakumwambia kwamba pale bomani dunia ilikuwa imeshazima, wala haikuhitaji msaada.

Akazivaa. Lo! Kinanda kilipiga kama mtu anayetwanga mahindi ya muthokoi ndani ya fuvu lake. Besi ilimshuka mpaka kwenye meno. Waimbaji, maskini, walikuwa huko nyuma ya kinu, wamefungiwa stoo, wanaita watolewe. Na kila alipotulia kuwasikiliza, alisikia vitu vingine: mate yake yakimezwa, taya lake likilia kama bawaba, damu yake ikienda shughuli zake. Alizijua sauti hizo. Ndizo alizosikia kiwandani miaka yote chini ya vikinga masikio, na akifumba macho alianza hata kunusa saruji. Mtu hawezi kumtafuta mkewe akiwa kazini.

Hivyo akatikisa kichwa, siku baada ya siku. Na langoni pakawa hapana mtu. Kwanza alidhani watu wako shambani. Halafu alidhani wako kwenye matanga ya mtu. Mwisho akadhani ni kawaida: mwenye watu alikuwa Kalunde, na Kalunde akiondoka ameondoka na watu wake, kama mwanamke anavyoondoka na vyombo vyake. Basi akapika chai ya kikombe kimoja, na sufuria ile ilikuwa kubwa mno kwa kikombe kimoja. Maji yalichemka pembeni yakiulizana wengine wako wapi.

Siku ya soko Kaloki akavaa koti, akaitia ile sidii mfukoni ikiwa imefungwa kwa leso, akazibeba hedifoni za mwanawe kwa mfuko wa nailoni, akashuka Machakos mjini.

Kulikuwa na mwanamke aitwaye Mbinya, mwenye duka ghorofani, juu ya mahali wanapouza mabomba. Aliuza redio, spika na vyombo vya muziki vya mtumba, na alikuwa na ulimi wa kumkuna chui.

"Wakya, mzee?"

"Aa," Kaloki aliitikia salamu.

Mbinya akafungua mfuko wa nailoni. "Hizi ni kali! Vijana wanazipigania hapa mpaka wanararuana shati. Ziko na shida gani?"

"Nimechoka nazo. Nimevaa hizi maisha yangu yote."

"Hizi? Si zimetoka juzi!"

"Kazini hazikuwa na muziki. Lakini ni hizi."

Mbinya akacheka, akamvutia kiti. "Haya, niambie unasikiliza nini. Benga? Maana wazee wa benga nawajua, wanataka gitaa iwapasue kisogo."

"Kwaya. Kuna mtu humo ndani namtafuta."

"Anaitwa nani, tumpigie simu atoke?"

"Hana simu sasa."

Mbinya akakipangusa kioo cha meza ambacho hakikuwa na vumbi. Hakuuliza tena. Alichukua ile sidii akaitazama, akataka kujua mpaka sasa Kaloki alikuwa anausikiliza wimbo kutoka wapi, na aliposikia ni wa kutumwa kwa WhatsApp akashika kichwa.

"Mzee, huo umekamuliwa kama ndimu! Umebaki maganda. Kwanza nitakuwekea hii yote kwa memori kadi vile ilivyo, bila kuifinya. Halafu tutafute masikio."

Akashusha hedifoni mbili kutoka kwenye msumari. Zilikuwa za ajabu. Nyuma, pale ambapo zile za Mumo zilikuwa na kifuniko, hizi zilikuwa na wavu tu, kama chujio la chai. Ukiinua kwenye mwanga unaona upande wa pili.

"Hizi ni za mgongo wazi," Mbinya alisema. "Hazina ukuta. Sauti inatoka, na ya nje inaingia. Hii nzito ni tamu kuliko zote lakini inataka mashine yake ya kuipa nguvu; simu yako ikijaribu itakuwa ni punda anavuta lori. Hii nyepesi simu inaiweza. Weka."

Kaloki akaziweka. Zilimkaa kama mikono ya mtu asiyetaka kukuumiza. Mbinya akabonyeza wimbo, na Kaloki akazivua papo hapo akageuka kuangalia nyuma yake.

"Nani ameingia?"

"Hakuna. Ni hao wa kwaya yako." Mbinya alitabasamu. "Ndiyo raha yake. Haziimbi ndani ya kichwa. Zinakupangia watu mahali walipokuwa wamesimama. Lakini ngoja, usifurahi bado. Mimi siziuzi hizi kwa kila mtu. Mtu ananunua, anapanda nazo gari, abiria wote wanasikia nyimbo zake na yeye anasikia matusi ya makanga, kesho ananirudishia ati nimemuuzia zilizotoboka. Na wengine wanataka besi ya kupiga kifua. Ya hizi ni besi ya adabu, inagonga mlango ikingoja kukaribishwa. Kwa hivyo nauliza kwanza. Kwako kuna kelele?"

"Kuna kuku."

"Kuku si kelele, kuku ni majirani. TV? Watoto? Baa hapo karibu?"

"Hapana."

"Kuna mtu analala karibu na wewe, utamkosesha usingizi?"

Kaloki akautazama ule wavu. "Hakuna mtu analala."

"Basi mzee," Mbinya alisema, na furaha ya biashara ikamponyoka kidogo, "sijawahi kupata mteja wa kufaa hivi."

Zile za Mumo zikabaki pale dukani, sehemu ya bei. Kaloki alijiambia atamweleza mwanawe siku moja, siku yenye nafasi.

Nyumbani aliketi barazani, akachomeka waya, akafumba macho. Kwaya ikaingia bomani. Haikumwingia kichwani, hapana. Ilikuja ikajipanga uwanjani mbele yake, kati ya ghala na zizi. Wanaume wa sauti nzito walisimama kulia, karibu na tangi la maji. Kinanda kilikaa katikati, pale kuku wanapooga vumbi, na kuku wenyewe aliwasikia pia, wakilalamika juu ya kitu chao, ungedhani nao wamejiunga na kigango. Wanawake walikuwa kushoto. Kaloki aliwapita mmoja mmoja kama padri anayekomunisha. Huyu siye. Huyu siye. Huyu anaimba puani, maskini, siye.

Kisha akafika kwa mmoja aliyesimama mbele kabisa, kushoto. Sauti yake ilikuwa safi kama maji kwenye sufuria mpya. Ilipanda bila kujikwaa, ikashuka kama mtu anayeshuka ngazi za kwao.

"Ndiye," Kaloki alisema kwa sauti, na jogoo akamtazama.

Alijuaje? Hakujua. Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote, naye alitaka awe wa sauti nzuri kuliko zote. Mwenye kiu hapimi maji.

Kuanzia hapo Kaloki hakuwa peke yake, au tuseme alikuwa peke yake na mtu. Kigoda cha pili alikitoa ndani akakiweka kushoto kwake. Jioni, akishakamua, alivaa hedifoni na kumpa habari za siku. Maharage yamepata wadudu. Mumo amepiga simu, anasema anakuja, unajua kuja kwake. Ile nguzo ya uzio nimeitengeneza. Na Kalunde, kama alivyokuwa maishani, hakumjibu ila kwa kuendelea na kazi yake: alipanda, akashuka, mto ukafurika, watu wakavuka. Wimbo ukiisha, kwaya ilikunja sare zake ikaondoka bila kuaga, na uwanja ukabaki mpana kuliko ulivyokuwa mwanzo. Ndipo anapobonyeza tena.

Siku nyingine alizivaa tu bila kuwasha kitu, kwa kuwa alishazoea uzito wake. Na kwa kuwa mgongo ulikuwa wazi alisikia kila kilichokuwepo. Upepo kwenye migomba, ng'ombe akicheua, pikipiki ikipita barabara ya juu bila kupunguza mwendo. Masikio yake sasa yalikuwa tayari kwa hodi ya mtu yeyote. Hodi yenyewe ndiyo haikuja.

Septemba, kwaya ya kigango ilikutana kujiandaa kwa tamasha la parokia, na jambo lililoahirishwa likarudi mezani. Sare ya Kalunde. Sare za kwaya ile ni mali ya kwaya. Mwimbaji akihama au akifa, kitenge hurudi, anapewa anayeshika nafasi yake. Ya Kalunde ilikuwa bado iko kwa mumewe. Nani aende? Kila mmoja akakumbuka habari za kichwa kinachotikiswa, akapata shughuli. Ndinda wakati huo alikuwa nje anageuza maharage ya wageni yasiungue. Aliporudi akaambiwa amechaguliwa, wote wamekubaliana.

"Nimechaguliwa nikiwa kwa sufuria?" alisema. "Haya. Akinitikisia tena, nitakiokota hicho kichwa nije nacho pamoja na sare."

Alasiri hiyo Kaloki alikuwa barazani. Wimbo ulifika pale anapopapenda, ubeti wa pili, ambapo sauti ya kushoto inapanda peke yake na wengine wanaingoja chini. Ikapanda. Na hapo hapo, kutoka kushoto hiyo hiyo, ila mbali kidogo, pale penye lango, sauti hiyo hiyo ikasema:

"Hodi hapa!"

Kaloki akaganda. Kwenye hedifoni Kalunde alikuwa bado juu, hajashuka.

"Hodi!" Ilikuwa imezeeka kidogo, imekwaruzwa na moshi wa jikoni, lakini ni ile. Ile ya kupanda bila kujikwaa. Alisimama kwa haraka mpaka waya ukaivuta simu kutoka mfukoni ikaanguka chini, na kigoda kikapinduka.

"Kalunde?"

Jogoo aliruka pembeni.

"Ni mimi, Baba Mumo," ile sauti ilijibu polepole kutoka nje. "Ni Ndinda. Si mwingine."

Alimfungulia. Walisalimiana wakitazama pembeni, kama watu walioonana bafuni. Ndinda ndiye aliyeanza, maana hakuumbwa kwa ajili ya ukimya.

"Leo unanifungulia. Mwezi wa saba ulinifukuza kwa kichwa."

"Mimi? Nikufukuze?"

"Nilipiga hodi tatu! Na wewe hapo hapo: hapana, hapana, hapana." Akamwonyesha, shingo yake ikienda huku na huku kama kuku aliyemeza nyuzi.

Kaloki alimtazama. Taratibu, kama maji yanavyopata njia, mambo yakampitia: Julai, kofia, maandazi mawili masikioni. Akaanza kumweleza. Alipofika kwenye kibuyu, Ndinda alishika nguzo ya uzio, ile mpya, akacheka mpaka leso ya kichwa ikamwanguka.

"Uuu, Kaloki! Na kijiji chote kimekususia! Mpaka Mama Kaluki alikuwa amekupikia maharage, akayarudisha na sufuria yake!"

"Ndiyo maana hamkuja?" Kaloki aliuliza.

Aliuliza kwa utaratibu tu, lakini Ndinda aliacha kucheka, akaokota leso yake.

Akaketi kwenye kigoda cha kushoto. Kaloki alitaka kumzuia, akageukia jikoni badala yake. Akamletea chai. Ndinda akasema neno la sare, Kaloki akasema ndiyo, ndiyo, na hakuinuka kwenda kuichukua. Badala yake akaiokota simu, akaifuta vumbi kwa shati, na bila kumtazama mgeni wake akasema:

"Ndinda, imba kidogo."

"Niimbe? Umekunywa nini, Baba Mumo?"

"Ule wa mto. Ubeti wa pili."

Ndinda alimwangalia, akaona si mzaha. Akakohoa, akaweka kikombe chini, akaimba pale panapopanda. Hakumaliza. Uso wa Kaloki ulikuwa umeporomoka kama ukuta wa mtaro baada ya mvua kubwa.

"Ni wewe," alisema. "Wakati huu wote ni wewe."

"Mimi nini?"

Akamweleza. Hakumweleza yote. Hakusema habari za maharage na wadudu, wala za kigoda alichokikalia Ndinda wakati ule. Mambo mengine mtu anazikwa nayo. Alisema tu kwamba alidhani amempata mke wake, kumbe alikuwa anasikiliza mke wa jirani.

Ndinda hakucheka. "Kalunde hakuwa na sauti kama yangu, hata kidogo. Kwani wewe..." Akasita. "Kweli hukuwahi kumsikia?"

"Nilikuwa nalala."

Upepo ukapita kwenye migomba. Ndinda akanyoosha mkono. "Nipe hicho kitu."

Alizivaa juu ya leso, akasahihishwa, akazivaa chini ya leso. Kaloki akabonyeza. Kwa kuwa mgongo ulikuwa wazi, naye alisikia kidogo kutoka nje, kwaya nzima imekuwa ndogo kama nyenje kwenye nyasi. Macho ya Ndinda yakatoka.

"Yesu! Huyo si Onesmus hapo na besi yake? Na mimi huyu! Asi, kumbe nilikuwa najua kuimba!" Alipiga kelele kama wanavyopiga wote waliozibwa na muziki. Kisha akatulia. Akafumba macho, akaanza kunyoosha kidole hewani, kama mtu anayeonyesha wageni nyumba. "Chumba kilikuwa kidogo. Ukutani kote wamebandika trei za mayai. Maikrofoni mbili hapa mbele. Mimi hapa. Kalunde alikuwa hapa, bega kwa bega na mimi. Tukaimba, yule wa mitambo akasimamisha. Akasema, wewe mama, sauti yako inameza wenzako, rudi nyuma hatua moja. Akarudi. Tukaimba. Akasimamisha. Mama, rudi tena. Kalunde akarudi, akarudi, mpaka mgongo ukagusa mlango. Akauliza, 'Nitoke kabisa niimbie barabarani?' Tulicheka mpaka tukaharibu mkanda."

Akazivua, akamvisha Kaloki kwa mikono yake, akizipanga vizuri juu ya masikio kama mama anavyomfunga mtoto kofia.

"Yuko nyuma yangu. Usinisikilize mimi. Nipite."

Kaloki akafumba macho. Ile sauti safi ilikuwa pale pale, mbele kushoto, inamngoja kama kila jioni. Alisimama mbele yake. Ilikuwa vigumu. Mtu hawezi kumpa mtu habari za maharage siku zote zile halafu akampita njiani kama hamjui.

"Nipite, Baba Mumo," Ndinda alisema nje, na kupitia wavu akamsikia. Akapita.

Nyuma yake palikuwa na yule wa puani, na nyuma ya yule wa puani palikuwa na watu wawili wasio na jina. Nyuma yao hapakuwa na mtu, pengo tu, hewa ya chumba. Akataka kurudi. Lakini ubeti wa mwisho ulifika, kwaya ikaushika ule wimbo kwa pamoja ikauachilia kwa pamoja, wote wakanyamaza, na huko nyuma kabisa, mlangoni, mtu mmoja alikuwa bado hajanyamaza.

Hakuwa na sauti nzuri. Ilikuwa nene, pana, yenye mchanga ndani yake, sauti ya kumwita mtu aliye mlima wa pili. Ilibaki peke yake kwa muda wa pumzi, kisha ikaisha kwa kujikwaa, kama aliyegutuka na kuona wenzake wameshakwenda.

Na Kaloki aliijua.

Aliijua kutoka kitandani. Jumapili za mwisho wa mwezi, kabla ya kanisa, Kalunde alifua nje ya dirisha huku akifanya mazoezi, na sauti hiyo hiyo ilipita kwenye pazia ikamkuta Kaloki amelala na saruji kwenye mapafu. Naye alikuwa na jibu lake, lile lile kila mara, bila kufungua macho: "Punguza sauti, Mama Mumo. Mtu analala." Karai lilisikika likiinuliwa. Miguu ikaenda mbali, mpaka kule kwenye mkonge, na kuimba kukaendelea huko ambako hakusumbui mtu.

Ndinda hakuuliza kama amempata. Alikunywa chai yake iliyopoa.

Baadaye Kaloki aliingia ndani akaitoa ile sare. Ilikuwa imepigwa pasi, imekunjwa mara nne. Ndinda aliipokea kwa mikono miwili, akaikunjua kidogo kuipima kwa macho.

"Sijui tutamvalisha nani. Hakuna mwenye kifua cha namna hii." Akaitia kwenye kiondo. Langoni aligeuka. "Jumapili tunafanya mazoezi baada ya misa. Unaweza kuja usikilize watu wazima wazima, wasio wa waya."

Kaloki alijizuia sana asitikise kichwa upande wowote. "Nitaona," alisema.

"Utaona! Na watu nitawaambia. Lakini wewe ukisikia hodi, fungua mdomo."

Alimsikia akishuka kijitoni, kandambili zikipiga visigino, mpaka maji na mawe yakameza hatua zake. Giza lilikuwa bado. Kuku walikuwa wanajipanga kupanda. Kigoda cha kushoto kilikuwa na duara la unyevu pale Ndinda alipokiacha kikombe akiinuka, na Kaloki akakitazama mpaka duara likakauka. Kisha akakihamisha. Alikitoa kushoto, akakipeleka nyuma ya kiti chake, kwenye kizingiti cha mlango.

Akavaa hedifoni, akaketi mgongo ukielekea mlango. Aliuacha mto ufurike na watu wavuke, bila kumsikiliza yeyote. Alipokaribia mwisho alishika simu kwa mikono yote miwili. Kwaya ikanyamaza. Mlangoni, mtu mmoja hakunyamaza.

Kaloki alirudisha wimbo nyuma kidogo, akapandisha mpaka simu ikakataa kupanda zaidi, na sauti ile ikavuja kwenye wavu, ikatoka barazani, ikawafikia kuku.

"Ongeza, Mama Mumo," alisema. "Hakuna mtu analala."